Jinsi nilivyofupisha uchambuzi wa hatari katika ubunifu wa betri ya pikipiki

Katika timu yetu inayobuni kisanduku cha betri ya pikipiki ya umeme, jedwali la FMEA (uchambuzi wa namna kila sehemu inavyoweza kuharibika na athari zake) lilikuwa limevimba kiasi kwamba kila badiliko dogo la mchoro lilitulazimu kupitia upya mistari yote, na vikao vikaishia katika ubishi wa alama. Chanzo kilikuwa hesabu yenyewe. Tulizidisha ukali wa athari, uwezekano wa kutokea na ugumu wa kugundua, kila kimoja kikipimwa kwa 1 hadi 10. Hivyo hitilafu ya waya kuchubuka na kuwasha moto (10, 4, 2) ilipata 80, ilhali ile ya rangi kupauka juani (3, 7, 5) ilipata 105 na kutangulia kushughulikiwa. Ni jambo la kuchekesha, kama si la kutisha.

Niliiacha hesabu hiyo na kutumia ngazi za kipaumbele za mwongozo wa mwaka 2019 wa AIAG na VDA, vyama vya sekta ya magari vya Marekani na Ujerumani, ambazo hutanguliza ukali: waya ukapanda ngazi ya juu, rangi ikashuka hadi ya chini. Kisha nikatenga jedwali la msingi la sehemu zisizobadilika, ili toleo jipya lichambuliwe pale tu lilipobadilika na pale linapogusana na sehemu za zamani. Mahali hapo pa kugusana hatuachi kamwe kupachambua, kwa kuwa bolti ileile ikifungwa kwenye bati jembamba zaidi huweza kulegea kwa mtikisiko. Kila hatari ya ngazi ya juu sasa ina jaribio lake na mhusika wake, na isiyo na jaribio haihesabiwi kuwa imeshughulikiwa.