Babu Keya hakufa maji

Bibi yangu hakuwahi kula ng'onda. Treni ilileta samaki wa chumvi kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora, majirani wakanunua, lakini kwetu hawakuingia jikoni. Kaka yake alikufa maji wakati wa vita vya pili vya dunia. "Hao hujui wamekula nini," alisema, na habari ikaishia hapo.

Sisi wajukuu tulimjua huyo kaka yake kwa jina moja tu: Babu Keya. Keya ndivyo wazee walivyoliita jeshi la King's African Rifles, kwa zile herufi zake tatu. Aliondoka kijana, hajaoa. Siku moja tarishi wa boma akaja kumwambia baba yake kwamba mwanawe amefia ng'ambo. Ng'ambo! Mzee akasikia maji. Baadaye askari waliorudi wakasimulia habari za meli iliyozama na wenzao, na ukoo ukaunganisha mambo wenyewe.

Meli hiyo si hadithi. Khedive Ismail ilitoka Mombasa ikielekea Colombo, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944, ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Mwaka juzi nilipanda basi Arusha, nikavuka Namanga, nikaenda kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi, ambako kuna mnara wa majina ya waliopotea na meli ile. Nilisoma nikifuatisha kwa kidole. Hayumo. Ila kitu kimoja kilinisimamisha: waliozama wengi walikuwa askari wa mizinga. Babu yetu alikuwa keya, mtu wa bunduki na miguu. Miaka yote hiyo jina lake lilikuwa linatuambia, na sisi hatusikii.

Nikairudia picha yake, ambayo bibi aliihifadhi kwenye mkebe wa majani ya chai. Kijana amesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi, kofia ya ukingo mpana imekunjwa upande mmoja, mkono umeshika kiti ambacho hakukikalia. Nyuma kuna muhuri wa studio ya Colombo. Muhuri tuliujua tangu utotoni. Lakini chini yake pana maandishi ya penseli, yamefifia mno, mpaka nilipoilaza picha kwenye mwanga wa dirisha: "Aprili 1944". Aliyezama Februari hapigi picha Aprili. Nilikaa chini sakafuni.

Kuanzia hapo njia ikaonekana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilifanya mazoezi Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kwenye Colombo hiyohiyo, kisha katikati ya 1944 ikapelekwa Burma, ambayo leo ni Myanmar. Waliteremka bonde la Kabaw katika mvua za kule, kwenye tope na malaria, wakipigana na Wajapani mpaka Kalewa, kwenye mto Chindwin. Vikosi viwili vya Tanganyika vilikuwemo, cha 26 na cha 36.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeweka majina ya marehemu mtandaoni, na kutafuta ni bure. Wiki tatu nilitafuta jina lake nisilipate. Mama ndiye aliyenitoa gizani. "Mwanangu, wewe unaliandika Kiswahili. Mjomba alilitamka Kinyamwezi." Nikaondoa R zote, nikaweka L. Karani wa jeshi aliyeandika alichokisikia akanijibu baada ya miaka 80.

Kikosi cha 36. Novemba 1944. Jina la baba yake, sahihi kabisa. Makaburi ya vita ya Taukkyan, kaskazini mwa Yangon. Pale zimesimama nguzo zenye majina karibu 27,000 ya wanajeshi wasio na kaburi linalojulikana. Yeye analo. Ana kiwanja, ana safu, ana namba. Linaniuma kwamba bibi aliondoka 2009 bila kujua.

Aliyebaki ni mdogo wake, bibi mdogo, yuko Tabora. Nilimpigia simu jioni hiyohiyo.

"Shikamoo bibi. Babu Keya hakufa maji. Yuko kwenye udongo."

Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Nani alimwosha?"

"Alikuwa na wenzake, bibi. Kikosi kizima cha watu wa huku."

"Haya. Nitajie tena ile namba. Polepole."

Nikamsikia anamwita mjukuu wake alete mkaa. Nikataja kiwanja, safu, kaburi, na kila nilipotaja, mtoto alirudia kwa sauti huku anaandika nyuma ya mlango.