Wavu wa kumpandisha mtu botini

Boti nyingi za hapa Lamu zina jaketi, boya na pengine kamba. Vyote hivyo humzuia mtu asizame, lakini hakuna cha kumtoa majini. Kazi hiyo imeachiwa mikono ya mabaharia. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, pale baina ya Shela na Ras Kitau, maji ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) yakitoka yakikutana na upepo, mawimbi husimama na mikono haitoshi. Mtu wa kilo 80 akishatoka majini uzito wake wote unarudi, tena ukiwa na maji yaliyonywewa na buibui au kanzu.

Kumvuta kwa makwapa kuna hatari nyingine. Maji humbana mtu miguu na tumbo, yakasaidia damu kurudi moyoni. Akiwa amekaa majini muda mrefu kisha akatolewa wima, damu hushuka miguuni na presha huanguka. Mtu aliyekuwa akizungumza anaweza kuzimia, hata kufa, mikononi mwa waliomwokoa. Kwa hiyo atolewe amelala.

Kinachofaa ni wavu wa mikanda. Ukingo mmoja hufungwa ndani ya boti, wavu hushuka majini ukapita chini ya mtu, na ukingo wa pili hurudi mikononi. Mkivuta, anabingirika juu ya ubavu wa boti kama pipa linavyopandishwa jahazini kwa kamba mbili. Nguvu inayotakiwa ni kama nusu ya uzito wake, ukiongeza msuguano. Watu wawili wanaiweza.

Kwa boti ambayo ubavu wake uko sentimita 70 juu ya maji, wavu uwe na urefu wa mita 3: sentimita 70 za ubavu, 40 za kushuka chini ya maji, 80 za kumzunguka mtu, na 110 za kurudi juu. Upana mita 1.5, umshike kutoka mabegani hadi magotini. Mikanda iwe ya poliesta, upana sentimita 5, ikipishana kila sentimita 15 ili matundu yabaki ya sentimita 10. Nunua mita 70. Makutano ni 231 na kila moja lishonwe mraba wenye msalaba ndani, kwa uzi wa poliesta, maana uzi wa pamba huoza. Mpe fundi wa matanga.

Msichukue jarife kuukuu, ule wavu wa kuvulia samaki. Nyuzi zake nyembamba hukata ngozi na kunasa vifungo na vidole vya miguu. Wala msitumie kamba ya plastiki inayoelea: hiyo ni nzuri sana kwa kamba ya kurusha, lakini wavu lazima uzame, la sivyo mtakuwa mkiusukuma chini kwa kasia huku mtu anachukuliwa na maji. Kwa sababu hiyohiyo, bomba la PVC la inchi 1 linalonyoosha ukingo wa nje litobolewe kila sentimita 10, hewa itoke. Bomba lenyewe halibebi mzigo. Pitisha ndani yake kamba ya milimita 12, mita 5.5, ncha zake ndizo za kuvutia.

Ukingo wa ndani ndio unaoharibika kwanza. Kwenye mashua, funga kwenye mataruma matatu, yaani mbavu za mbao za ndani. Kwenye boti ya faiba, skrubu hung'oka. Tumia boliti zinazopita hadi upande wa pili, zikiwa na kipande cha plaiwudi na washa kubwa (kile kisahani cha chuma chenye tundu) nyuma yake.

Kabla ya kwenda baharini, ning'iniza wavu nchi kavu ukiwa na madumu 8 ya lita 20 yaliyojaa maji, yaani kilo 160, kwa dakika 10. Uzi ukianza kuachia popote, shona upya. Kisha jaribuni na mwogeleaji hodari kwenye maji yaliyotulia, mashine ikiwa imezimwa. Mtu wa tatu akae upande wa pili wa boti, chini, maana wavutaji wawili pamoja na anayepandishwa wanaweza kuipindua boti ndogo.

Akishapanda abaki amelala, hata akisema yuko sawa.

Wavu usuuzwe kwa maji matamu na uwekwe kivulini. Jua ndilo adui wake mkubwa: mkanda ukiukwaruza kwa ukucha ukatoa unga, badilisha.