Kabla ya kuta: mabikira wa Kristo waliishi wapi?

Ukifuata njia ya miembe hadi misheni kongwe ya Bagamoyo, walikofika Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ni rahisi kudhani kwamba utawa ulianzia ndani ya nyumba kama zile. La. Karne za mwanzo, bikira aliyejiweka wakfu aliishi kwao: akisali, akifunga, akila chungu kimoja na wazazi. Hata Marcellina, dada yake Mtakatifu Ambrosi askofu wa Milano, aliyevishwa shela, alama ya kuwekwa wakfu, na Papa Liberius katika karne ya 4, alibaki nyumbani kwao Roma.

Tatizo lilikuja wazazi walipofariki. Nani amlishe? Nani asimamie mali yake? Wengine walihamia kwa mwanamume mwenye useja kama wao, wakaitana kaka na dada. Sipriani, askofu wa Kartago katikati ya karne ya 3, aliletewa kesi ya mabikira waliolala kitanda kimoja na wanaume, nao wakishikilia kuwa hawajaguswa. Akaagiza watenganishwe mara moja na wakunga wawakague. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ukawakataza makleri, yaani maaskofu, mapadre na mashemasi, kukaa na mwanamke isipokuwa mama, dada, shangazi au asiyeweza kushukiwa. Ni haki kuwakemea, lakini tusiwaite wote wanafiki: mwanamke asiye na ndugu alikuwa akitafuta ulinzi.

Umri nao ulivutaniwa. Basili, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, alitaka msichana afikishe miaka 16 au 17 na ahojiwe kwa kina, maana aliona wazazi na kaka wakiwasukuma mabinti kwa faida yao wenyewe. Mtaguso wa Zaragoza, mwaka 380, ukasema shela ingoje mpaka afikishe umri wa miaka 40!

Jibu la makazi ndilo jumuiya. Mnamo 270 Antoni wa Misri alipokwenda kuishi upweke, alimkabidhi dada yake kwa mabikira waaminifu. Pakomi, mwanzilishi wa monasteri za kuishi pamoja huko Misri, akaenda mbali zaidi: karibu na monasteri yake ya Tabennesi, kando ya Nile, alimjengea dada yake Maria nyumba, wengine wakajiunga, na akawapa kanuni ileile ya wanaume. Mtawa wa kiume aliyetaka kumwona dada yake alisindikizwa na mzee, akaonana naye mbele ya mama mkuu, bila kula wala kunywa hapo. Monasteri ya wanawake ng'ambo ya mto, ambayo Palladius, mwandishi wa habari za watawa wa Misri, aliisimulia, ilikuwa na watu wapatao 400. Hakuna mwanamume aliyevuka kwenda huko, ila padre na shemasi, nao Jumapili tu.

Bikira akifa, wenzake walimwandaa kwa maziko, wakamlaza ukingoni. Watawa wa kiume wakavuka kwa kivuko wakiwa na makuti na matawi ya mizeituni, wakamchukua kwa zaburi, wakamzika katika makaburi yao.