GPC3 na GPC6: ndugu wawili, udalali tofauti

Ukitaja ukuaji watu wanawaza homoni na chakula, sawa, lakini kuna protini zinakaa nje ya seli zinaitwa proteoglaikani na kusema kweli hazipewi heshima yake. Ni protini zilizobebeshwa minyororo mirefu ya sukari, mara nyingi heparani salfeti, na minyororo hiyo imejaa chaji hasi kwa hiyo ishara nyingi za ukuaji zikipita hapo zinanasa.

Zinazonikosha mimi ni glaipikani. Binadamu tunazo 6, zimeshikizwa kwenye utando wa seli kwa mafuta tu, hazina hata mkia wa kuingia ndani, sasa zinaamuaje mtu akue kiasi gani? Kwa udalali bana. Kuna ishara inaitwa Hedgehog, ili ifanye kazi lazima imfikie mpokezi wake, Patched. GPC3, mmoja wa hizo glaipikani 6, anaidaka kabla haijafika, anazama nayo ndani ya seli na huko inavunjwavunjwa, biashara imekufa. GPC6, glaipikani mwenzake, naye anaidaka vilevile ila anaikutanisha na Patched, dili linapita.

Ndo maana wakikosekana matokeo yanapishana kabisa. Jeni ya GPC3 iko kwenye kromosomu ya X na mwaka 1996 ilijulikana kwamba ikiharibika inaleta sindromu ya Simpson-Golabi-Behmel, yaani mtoto, mara nyingi wa kiume maana ana X moja tu, anazaliwa mkubwa kupita kawaida, ulimi mkubwa, pengine na kidole cha ziada, na baada ya kuzaliwa anaendelea kuwapita wenzake. GPC6 akikosekana ndo omodisplasia, mikono na miguu inabaki mifupi. Ukoo mmoja huo jamani!

Hata inzi wa matunda anazo glaipikani, mojawapo ni Dally, ukiitoa bawa linatoka dogo kwa sababu ishara ya ukuaji iitwayo Dpp haisambai wala haidumu inavyotakiwa.

Ila GPC3 msimchukulie kama mbana ukuaji tu. Kwenye ini la mtu mzima huwa karibu hayupo, halafu kwenye saratani ya ini ya hepatoseli (inayoanzia kwenye seli za ini zenyewe) anarudi kwa wingi na safari hii anaisaidia ishara nyingine ya ukuaji, Wnt, kukuza uvimbe, na wataalamu wa patholojia wanamtafuta kwenye kipande cha ini wakitaka kuthibitisha saratani hiyo.