Mikato ya kibodi kwenye meza ya steshenari

Kazi ya steshenari hapa Chake Chake ni ya kurudiarudia: barua ya kuomba kazi, wasifu, kadi ya harusi, orodha ya wanafunzi wa skuli, kisha barua nyingine, na mteja amesimama ubavuni akiitazama skrini. Anayeandika kwa kasi huweza bado kuchelewa, kwa kuwa mkono wake wa kulia kila dakika huiacha kibodi, hushika kipanya, hutafuta menyu, hubofya, kisha hurudi.

Dawa yake ni mikato ya kibodi, yaani vitufe vinavyobonyezwa pamoja badala ya kutumia kipanya, lakini wengi wetu tumeishia kwenye Ctrl+C ya kunakili na Ctrl+V ya kubandika. Larry Tesler alishiriki kubuni utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika maandishi alipokuwa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, miaka ya 1970, na vitufe vya Z, X, C na V, ambavyo vimekaa pamoja ili mkono wa kushoto uvifikie bila ya taabu, vikatumika kwenye Lisa, kompyuta ya Apple ya mwaka 1983. Mpaka leo kwenye mashine za Apple hubonyezwa Command badala ya Ctrl.

Hata hivyo, naona faida kubwa zaidi imo katika mikato ya kutembea ndani ya maandishi, ambayo wafundishaji huipita haraka. Ukishika Ctrl na kubonyeza mshale wa kulia au wa kushoto, unaruka neno zima. Ukiongeza Shift, neno hilo linachaguliwa. Na Ctrl+Backspace hulifuta neno lililo nyuma yako kwa mara moja. Anayesahihisha barua ya kurasa tatu kwa njia hii huweza kuimaliza bila ya kukigusa kipanya.

Kwa sisi tunaoandika Kiswahili, Ctrl+Z, inayotengua jambo la mwisho lililofanyika, ina kazi ya ziada. Word, programu ya kuandikia, ikikubadilishia neno kwa kudhani kuwa umekosea Kiingereza, bonyeza Ctrl+Z papo hapo, nalo litarudi kama ulivyoliandika, bila ya kupoteza sentensi. Shift+F3 nayo hugeuza herufi ndogo kuwa kubwa na kubwa kuwa ndogo, jambo linalookoa muda pale mwalimu anapoleta majina yote kwa herufi kubwa.

Majina hayo ndiyo yanayonifanya niipende Ctrl+E ya Excel, programu ya majedwali, iliyokuja na toleo la 2013. Orodha zetu huandikwa majina matatu, la mtu, la baba na la babu, mara nyingi yote katika kisanduku kimoja, na skuli ikataka kila jina liwe na safu yake. Andika jina la kwanza la mwanafunzi wa juu katika safu ya pembeni, shuka kisanduku kimoja, kisha bonyeza Ctrl+E: programu huufuata mfano wako hadi mwisho wa orodha. Usiiamini moja kwa moja, kwani aliyeandikwa Abdul Rahman kwa maneno mawili atabakiwa na Abdul peke yake, na Rahman ataingia safu ya baba. Pitia orodha yote kabla ya kuichapisha. Ctrl+S, ya kuhifadhi kazi, sina haja ya kuieleza kwa mtu aliyewahi kukatikiwa na umeme katikati ya kazi.

Mkato mmoja ninautumia kwa tahadhari. Windows+V hufungua orodha ya vitu ulivyonakili karibuni, nao ni msaada mkubwa unapokusanya taarifa kutoka kwenye nyaraka mbalimbali. Lakini katika duka linalohudumia watu wengi kwa kompyuta moja, orodha hiyo huweza kubaki na namba ya kitambulisho cha mteja wa asubuhi huku mteja wa mchana ameketi mbele ya skrini. Kwa hiyo kila nikimaliza kazi ya mtu naifuta yote, ila vile vilivyowekewa alama ya pini ili visifutike, ambavyo lazima viondolewe kimoja kimoja. Na ninapotoka kwenda kuswali adhuhuri, nabonyeza Windows+L, kompyuta ikajifunga mpaka nirudi na kuandika nenosiri.