Nilivyotuliza namba za mafuta ya nazi kwa iodini monokloridi

Kwa wale mnaopima mafuta huku Pwani, hii itawafaa. Niko maabara ndogo Changamwe, watu wanatuletea mafuta ya nazi wajue kama yamechanganywa, na sisi tunatumia dawa ya Wijs, yaani iodini monokloridi ndani ya asidi asetiki. Hiyo kemikali ni iodini moja na klorini moja zimeshikana, nyekundu ya kahawia, kali kweli, ikipata unyevu inaharibika na ukiimwaga mkononi inachoma, so glavu na hudu (kabati la kuvuta mvuke) ni lazima. Ile kavu inayeyuka kwa nyuzi 27 tu, kwa hivyo kaskazi ya Mombasa unaikuta maji kwa chupa.

Kazi yake ni kujipachika kwenye dabo bondi za mafuta, yaani pale kaboni mbili zimeshikana mara mbili, na kiasi kinacholiwa ndiyo namba ya iodini: gramu za iodini kwa gramu 100 za mafuta. Ya nazi yanakula kidogo, 6 hadi 10 hivi, alizeti inapita 110.

Sasa sisi mafuta yaleyale asubuhi yanasoma 8, mchana 8 na nusu, na kwa nazi nusu ni nyingi mno! Nikafuatilia nikaona ni joto, asidi asetiki inatanuka sana, kwa hivyo mililita 25 za mchana zina dawa kidogo kuliko za asubuhi, na blanki, yaani kipimo cha dawa peke yake bila mafuta, tulikuwa tunafanya moja tu asubuhi. Namba inatoka kwa tofauti ya blanki na sampuli, so dawa ikipungua mchana inaonekana kama mafuta yamekula zaidi. Nikaanza kufanya blanki kwa kila kundi, pipeti ileile, dakika zilezile, halafu zote pamoja kabatini gizani saa nzima. Ukitoa unatia potasiamu iodidi na maji, dawa iliyobaki inatoa iodini, nayo unaititreti, yaani unadondoshea thiosalfeti ya kuimaliza huku ukipima, polepole mpaka ile kahawia ibaki njano ya kufifia, hapo ndipo unatia wanga, inageuka bluu nzito, na tone moja tu linaiosha yote. Wanga usiwahishe, iodini itang'ang'ania humo.

Namba zikatulia kabisa wallahi. Juzi mama mmoja kaleta madumu mawili, kwa macho yako sawa, harufu sawa, la kwanza likasoma 8, la pili 17. Nikamwambia, mama, hili limetiwa mafuta mengine, kama ni yale ya mawese ya kupikia ambayo yenyewe yako 56 kwenda juu, basi ni kama sehemu moja kwa tano. Akaniambia, "Mwanangu, niandikie hiyo karatasi nimrudishie mwenyewe leo leo."