Kumbe simu inajihamisha yenyewe!

Jana usiku nipo kibarazani hapa Chang'ombe, Dodoma, naongea kwa video na mdogo wangu anayesoma Chicago. Kwao mchana. Kila akipita duka moja karibu na chuo, picha inaganda. Nikalilaumu bando langu (maskini, halikuwa na kosa).

Kumbe simu yake inahamia waifai ya duka lile bila kumwomba ruhusa wala nywila. Kampuni yake ya simu imekubaliana na wenye waifai ili kupunguza msongamano kwenye minara. Teknolojia yenyewe inaitwa Passpoint, na laini ndiyo kitambulisho, kama mtu anayejulikana na mlinzi wa getini. Sawa, ila waifai ikielemewa unabaki na alama zimejaa juu ya skrini, intaneti hakuna! Ukihama tena, anwani yako ya intaneti inabadilika na maongezi yanaweza kukatika.

Nikamwambia aingie kwenye mipangilio, azime kujiunga kwenyewe.

"Kaka, wewe wa Dodoma ndiyo unanifundisha simu ya huku?"

Akazima. Tukapiga soga mpaka mama akatoka kuuliza kama hatulali.